Bangi Mwambao wa Ziwa Viktoria: Sheria Moja, Maisha Matatu

Kwa mujibu wa ripoti ya dunia ya dawa za kulevya iliyotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024, watu wapatao milioni 228 walitumia bangi mwaka 2022, idadi isiyofikiwa na dawa nyingine yoyote iliyo chini ya udhibiti wa kimataifa. Tanzania ina nafasi yake katika hesabu hiyo kama nchi inayolima na inayotumia, na hakuna sehemu ambako pande hizo mbili zinakaribiana kama Kanda ya Ziwa, kwa sababu zao linalopandwa katika bonde la Mto Mara na vilima vya Tarime hupita Mwanza, mji wenye bandari, stendi na soko kubwa la samaki, kisha likaishia mikononi mwa vijana wa mitaani na wavuvi wa visiwani. Mkulima, msafirishaji na mvutaji wanaishi maisha matatu yasiyofanana, wakiwa na sababu tofauti na madhara tofauti. Hata hivyo, sheria inayowahukumu ni moja, na kipimo chake kikubwa ni mizani. Uchambuzi huu unaangalia namna sheria hiyo inavyofanya kazi katika mwambao huo, inamgusa nani hasa, na ni mambo gani yanayobaki nje ya macho yake.

Mmea wenyewe si mgeni. Ulifika Afrika Mashariki kwa njia za biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, na kabla ya ukoloni ulikuwa umekwisha kuenea bara kwa njia za misafara. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alieleza jinsi watu wa bara walivyovuta bangi kwa kiko cha kibuyu chenye maji, moshi ukipoozwa kabla ya kufika kifuani. Mwenzake John Hanning Speke alifika ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria, jirani na Mwanza ya leo, mwezi Agosti 1858. Katika mazingira hayo bangi ilikuwa kitu cha wazee, wapagazi na waganga, na udhibiti wake ulikuwa wa mila: nani avute, lini, na mbele ya nani. Marufuku ya serikali ilikuja baadaye na ilitoka mbali. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 1924 na 1925 ujumbe wa Misri ulishinikiza bangi iingizwe katika mkataba wa afyuni, na sheria za kikoloni zikaiweka katika kapu moja na dawa zilizokuwa na historia tofauti kabisa. Mkataba Mmoja wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 uliimarisha msimamo huo kwa kuiorodhesha bangi pamoja na heroini katika jedwali la dawa hatari zaidi, na ilikuwa tarehe 2 Desemba 2020 ndipo Tume ya Dawa za Kulevya ya umoja huo ilipoitoa katika jedwali hilo kwa kura 27 dhidi ya 25, ingawa iliiacha chini ya udhibiti wa jumla.

Kwa Tanzania Bara sheria inayotumika leo ni Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, Sura ya 95, iliyofuta sheria ya mwaka 1995 na kuunda Mamlaka yenye uwezo wa kupeleleza, kupekua na kukamata, tofauti na tume iliyotangulia ambayo kazi yake ilikuwa kuratibu tu. Mamlaka hiyo ilianza kazi kwa nguvu mwaka 2017, mwaka ambao Bunge lilifanya marekebisho yaliyokaza adhabu. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake yenyewe, na haihusiki na yanayoelezwa hapa.

Kiini cha sheria hiyo kimo katika tafsiri ya neno moja, usafirishaji. Katika matumizi ya kawaida msafirishaji ni mtu anayetoa mzigo mahali pamoja kuupeleka pengine, lakini katika sheria neno hilo linabeba pia kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kugawa na hata kumiliki. Mtu aliyekutwa na bangi chini ya godoro chumbani kwake katika mtaa wa Mabatini, Mwanza, anaweza kushitakiwa kwa kosa hilohilo la dereva aliyekutwa na magunia katika barabara ya Sirari, mpakani na Kenya. Kifungu cha 15A kilichoingizwa mwaka 2017 kinaweka kifungo cha miaka 30 kwa usafirishaji wa bangi isiyozidi kizingiti fulani cha uzito, na mzigo unaozidi kizingiti hicho huhamia kwenye kifungo cha maisha. Kizingiti cha juu kipo, lakini cha chini hakipo. Maneno ya kifungu hicho hayasemi kwamba chini ya gramu kadhaa mtu hawezi kuitwa msafirishaji, na kwa hiyo kete chache zilizofungwa katika karatasi na gunia la kilo 40 vinaweza kukutana katika adhabu moja.

Kipo kifungu kingine, cha 17, kinachohusu kiasi kidogo kilichokusudiwa kwa matumizi ya mtu mwenyewe, ambacho adhabu yake ni nyepesi zaidi. Hapo ndipo mlango wa kumtenganisha mtumiaji na mfanyabiashara ulipoachwa wazi, na kwa maandishi tu mlango huo unatosha. Ugumu ni kwamba anayeamua mlango upi ufunguliwe ni askari anayejaza hati na mwendesha mashitaka anayeandika shitaka, muda mrefu kabla hakimu hajamwona mshitakiwa. Mtuhumiwa asiye na wakili, ambaye hajui kwamba vifungu viwili vinatenganishwa na miongo ya kifungo, hana namna ya kujadili shitaka linaloandikwa dhidi yake. Kwa kuwa usafirishaji wa dawa za kulevya huhesabiwa pia kuwa kosa la uhujumu uchumi, shauri lake linahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashitaka kabla halijasikilizwa, na muda wa kungoja hupitishwa mahabusu.

Mahakama zenyewe hazijakaa kimya. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007 Mahakama ya Rufani iliweka msingi unaoitwa mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yaani kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha nani alikamata kitu, nani alikipokea, kilitunzwa wapi, kilipelekwaje kwa uchunguzi na kilirudije hadi kikafika mahakamani. Kwa mashauri ya bangi msingi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa majani makavu yanafanana, yanapungua uzito yanapoendelea kukauka, na yanaweza kuongezwa au kubadilishwa bila alama. Utaratibu unaotakiwa ni huu: askari anapopekua anapaswa kuwa na shahidi huru, ambaye mara nyingi ni mwenyekiti au mjumbe wa mtaa, hati ya ukamataji inajazwa palepale na kusainiwa na wote, kielelezo kinafungwa, kinawekwa alama na kukabidhiwa kwa mtunza vielelezo wa kituo, anayekiandika katika rejista, baadaye kinapelekwa maabara ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, iliyopo Mwanza, ambako hupimwa uzito na kuchunguzwa, kisha kinafungwa upya kwa lakiri. Kila mkono unaokipokea unaacha saini. Katika kituo kikubwa cha mjini hayo yanawezekana. Katika kisiwa ambako kituo ni chumba kimoja, shahidi huru aliyepo ni jirani asiyetaka ugomvi, na njia ya kwenda maabara ni mtumbwi wa injini na kisha meli, kila hatua ni nafasi ya saini kukosekana. Katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, zinazoketi pia Mwanza, warufani wa dawa za kulevya wamekuwa wakiachiwa kwa kasoro za aina hiyo, wengine baada ya miaka gerezani. Raia wengi huona kuachiwa huko kama ujanja wa mawakili, na wanakosea: ambapo adhabu ni miaka 30, karatasi ndiyo ulinzi pekee alionao mtu dhidi ya kete zilizowekwa mfukoni mwake na mkono wa mwingine.

Adhabu kali hizo zilikusudiwa kukausha chanzo, na kwa Kanda ya Ziwa chanzo ni mkoa wa Mara. Mamlaka na polisi wamefanya operesheni nyingi katika bonde la Mto Mara, wakifyeka na kuteketeza mashamba, na bado zao hurudi msimu baada ya msimu. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Mmea huu hukomaa kwa miezi michache, hauhitaji pembejeo nyingi, hufichika katikati ya mahindi na mihogo au kwenye kingo zenye matete ambako gari halifiki, na zaidi ya yote mnunuzi huja mwenyewe hadi shambani na fedha taslimu. Mazao halali ya eneo hilo, kahawa ya milimani ikiwa mfano, hudai miaka ya kungoja, maghala, mizani ya chama cha ushirika na malipo yanayochelewa. Operesheni ya kufyeka hudumu siku chache, hali ugumu wa kuuza kahawa au mahindi hudumu mwaka mzima. Mkulima wa bangi, kwa upande wake, hupata sehemu ndogo ya bei ya mwisho, kwa kuwa faida hukua kadiri mzigo unavyosogea mbali na shamba, na anapokamatwa hana fedha za kujitetea.

Jiografia ya mpaka inazidisha ugumu. Mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, kutoka mdomo wa Mto Umba hadi ukingo wa mashariki wa ziwa kwenye latitudo ya digrii moja kusini, uliwakata Wakurya na kuwaacha pande mbili, na njia za panya zinazounganisha ukoo mmoja na mwingine ni za zamani kuliko vituo vya forodha vya Sirari na Isebania. Bangi ya Tarime inauzwa Kenya kama inavyouzwa Mwanza. Mpaka huohuo unafunua jambo ambalo wachambuzi wengi wa sheria hulipita haraka. Mirungi, majani yanayotafunwa na kumpa mtu uchangamfu wa saa kadhaa, imetajwa katika sheria ya Tanzania pamoja na bangi, katika vifungu vilevile na kwa vizingiti vilevile vya uzito, wakati Kenya inaitambua kama zao la biashara linaloingizia mkulima wa Meru kipato halali. Fungu moja la mirungi ni bidhaa upande mmoja wa barabara na ni miaka 30 upande wa pili. Mmea haukubadilika ulipovuka. Kilichobadilika ni uamuzi wa kisiasa kuhusu nani anastahili kulindwa na nani anastahili kuadhibiwa. Hili halithibitishi kwamba marufuku ya bangi ni makosa, lakini linathibitisha kwamba marufuku yoyote inapaswa kutetewa kwa sababu zinazopimika, haitoshi kusemwa kwamba kitu ni haramu kwa kuwa kimekuwa haramu.

Mwisho wa safari ya mzigo ni mvutaji, na katika mwambao huu mvutaji anayestahili kuangaliwa kwa karibu ni kijana wa mtumbwi wa dagaa. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Mitumbwi hutoka jua linapozama, taa, ambazo zamani zilikuwa karabai na leo ni za sola au betri, huelea juu ya maji kuwavuta dagaa, na wavuvi hungoja kwa saa nyingi katika baridi na unyevu, huku upepo wa ghafla ukiwa hatari isiyosahaulika, kabla ya kuvuta nyavu mara kadhaa hadi alfajiri. Mchana wanalala kambini chini ya turubai au mabati yenye joto. Mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawavutwi na taa, hivyo kila mwezi huwa na siku za mapumziko ambazo vijana wenye mgawo wao mfukoni, mbali na wazazi na wake, hawana pa kwenda isipokuwa vibanda vya pombe na vijiwe. Bangi, ambayo hapo huitwa majani, ndumu au msuba, ina nafasi katika nyakati zote mbili: majini hutajwa kama kitu cha kuondoa woga, baridi na usingizi, na nchi kavu kama kitu cha kuua muda. Msokoto mmoja ni bei ndogo, unauzwa na mtu anayefahamika, na kwa tajiri wa mtumbwi, yaani mwenye chombo na nyavu, kijana anayevuta na kuingia majini ana faida kuliko anayekataa kwenda.

Imani kwamba bangi inaongeza nguvu na ujasiri haina msingi wa kitabibu. Kemikali yake kuu, tetrahaidrokanabino, inayofahamika kwa kifupi kama THC, hupunguza kasi ya mtu kuitikia jambo la ghafla, huvuruga mizani ya mwili na kukadiria kwake umbali na muda, na hayo ndiyo mambo matatu ambayo mtu aliyesimama ukingoni mwa mtumbwi usiku hawezi kuyapoteza bila hatari. Kinachopungua ni hisia ya woga, na hatari yenyewe inabaki palepale. Kwa matumizi ya muda mrefu madhara yanayothibitika zaidi ni ya akili: wanaoanza wakiwa na umri mdogo, wanaovuta kila siku na wenye historia ya ugonjwa wa akili katika familia wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saikosisi, hali ya kusikia sauti zisizokuwepo na kupoteza mshiko wa uhalisia. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinaijua hali hiyo kwa jina la kuchanganyikiwa, na kabla ya kufika idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando mgonjwa huwa amekwisha kupitishwa kwa mganga na kwenye maombi, wakati mwingine akiwa amefungwa kamba. Kuongezeka kwa aina kali zaidi, hasa skanka, ambayo ina THC nyingi kuliko bangi ya kienyeji, na kuonekana kwa biskuti na keki zilizochanganywa na bangi, kunafanya uzoefu wa wazee waliovuta miaka 40 bila madhara yanayoonekana usiwe kipimo kinachofaa kwa kijana wa leo.

Katika upande wa tiba ndipo pengo linapoonekana wazi zaidi. Tanzania inastahili sifa kwa tiba ya methadoni, iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na kufika mikoani, Mwanza ikiwa miongoni mwake kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure. Lakini methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake. Kwa bangi hakuna dawa mbadala; kinachofanya kazi ni unasihi wa muda mrefu, yaani mazungumzo ya kitaalamu yanayorudiwa wiki baada ya wiki, pamoja na kumwondoa mtu katika mazingira yanayomrudisha kwenye msokoto. Huduma hiyo inahitaji watu zaidi ya inavyohitaji dawa, na watu wenye ujuzi huo wamejikusanya mijini. Mvuvi wa Ukara au wa Irugwa anayetaka kuacha atalazimika kusafiri hadi Nansio na pengine kuvuka hadi Mwanza, akipoteza siku za kazi kila mara, na kwa yote hayo ajitambulishe mbele ya mtumishi wa serikali kwamba anafanya kitendo ambacho sheria inakiita jinai. Mamlaka imepewa kisheria wajibu wa kinga na tiba pamoja na wajibu wa kukamata, ila bunduki na kliniki zikiwa chini ya jina moja, mwananchi wa kawaida huiona bunduki kwanza.

Mjadala wa kitaifa kuhusu kubadili sheria umekwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2019 Jumanne Kishimba, wakati huo mbunge wa Kahama Mjini, aliitaka serikali bungeni ifikirie kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na mauzo ya nje. Hoja hiyo ilipokewa kwa vicheko na makofi, lakini haikuwa ya kubezwa: Lesotho ilikuwa imeanza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na Rwanda, jirani wa Kagera, ikaweka kanuni mwaka 2021 za kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje peke yake, matumizi ya ndani yakibaki marufuku. Pamoja na hayo, mfumo wa leseni unadai uzio, ulinzi, maabara na mtaji ambao mkulima mdogo wa bonde la Mara hawezi kuufikia, na hivyo zao likihalalishwa kwa mtindo huo litahamia kwa makampuni, naye ataendelea kufyekewa shamba lake. Mvuvi wa dagaa hatapata chochote katika mpango huo.

Nchi nyingine za Afrika zimetoa mafunzo ya aina tofauti. Nchini Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia bangi faraghani kunavunja haki yake ya faragha, na sheria ya kutekeleza uamuzi huo ilisainiwa mwaka 2024, ikiacha biashara ikiwa marufuku. Uganda ilipoteza sheria yake yote ya dawa za kulevya mwezi Mei 2023, pale Mahakama ya Katiba ilipoona kwamba Bunge liliipitisha bila akidi kutimia, katika shauri lililofunguliwa na wakulima na wafanyabiashara wa mirungi wa Wakiso, na Bunge likalazimika kutunga nyingine. Kenya ilimsikia George Wajackoyah akiifanya bangi kuwa ahadi kuu ya kampeni ya urais mwaka 2022, na akapata chini ya asilimia moja ya kura. Kati ya njia hizi, ile ya Afrika Kusini ndiyo inayogusa swali la Mwanza kwa ukaribu, kwa kuwa ilianza na mtumiaji na haikuanza na fedha za kigeni.

Kwa mazingira ya mwambao, kuhalalisha bangi kwa jumla kungekuja kabla ya nchi kuwa na uwezo wa kuzuia isiwafikie watoto wa mialoni, yaani kwenye fukwe zinakotia nanga mitumbwi, ambao wengine huanza kubeba na kuanika dagaa wakiwa bado na umri wa shule. Hoja ya tahadhari ina nguvu hapo. Lakini tahadhari haihitaji miaka 30 kwa kete. Mabadiliko yenye manufaa ya haraka ni madogo na yako ndani ya uwezo wa Bunge bila kuvunja mkataba wowote wa kimataifa: kifungu cha 15A kiwekewe uzito wa chini ambao chini yake shitaka la usafirishaji halifunguliwi pasipo ushahidi wa mauzo, na anayekutwa na kiasi hicho ashughulikiwe kwa kifungu cha 17, hakimu akiwa na uwezo wa kumpeleka kwenye unasihi. Mikataba yenyewe, ule wa mwaka 1961 baada ya kurekebishwa mwaka 1972 pamoja na ule wa mwaka 1988, inaruhusu tiba na elimu badala ya adhabu kwa mtumiaji. Utekelezaji wake mwambaoni ungeweza kuanzia pale ambapo huduma nyingine zimekwisha kuwafikia wavuvi. Wahudumu wa afya wanaoshughulikia virusi vya UKIMWI wamekuwa wakizifuata kambi za uvuvi kwa upimaji na dawa, wakipanga safari zao kwa kufuata siku za mbalamwezi ambazo vijana wako nchi kavu, na vikundi vya usimamizi wa mialo, vinavyojulikana kama BMU, vina orodha ya mitumbwi na ya watu wake. Mnasihi mmoja wa afya ya akili katika safari hizo angewakuta watu walewale, katika siku zilezile ambazo msokoto huvutwa zaidi, bila kumtaka yeyote avuke maji kwenda kujitangaza.